NGOMA YA WATOTO ILIYOKESHA

Ngoma ya watoto haikeshi, walinena wahenga, na aghalabu walinena kweli. Watoto huanza kwa kishindo, wakaruka na kupiga makelele, na kabla ya jogoo wa kwanza kuwika wamekwisha kutawanyika, kila mmoja amejilaza mkekani kwa mama yake. Lakini katika miaka ya 1990 ilitokea huko Ulaya ngoma ya vijana iliyoivunja methali hiyo. Ilikesha, tena ilikesha usiku baada ya usiku. Wazazi hawakulala, polisi hawakulala, na hatimaye Bunge la Uingereza lenyewe likalazimika kukaa kitako na kuitungia sheria.

Miongoni mwa nyimbo za ngoma hiyo umo mmoja uliotolewa mwishoni mwa mwaka 1995 na bendi ya Kijerumani iitwayo Scooter. Jina lake ni "Back in the U.K.", yaani kurejea Uingereza. Mtu mzima akiusikia kwa mara ya kwanza atadhani gari moshi limeacha reli. Hata hivyo, ndani ya santuri hiyo ndogo mna habari ya vita na amani, habari ya jasho la mtunzi, na habari ya usalama wa vijana wetu. Ndiyo maana yafaa isikilizwe kwa makini, hata na wale wasioipenda.

VIJANA WA KASKAZINI

Kiongozi wa bendi hiyo, ajulikanaye kwa jina la jukwaani la H.P. Baxxter, jina lake halisi ni Hans Peter Geerdes. Alizaliwa mwaka 1964 katika mji mdogo wa Leer, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, karibu na mpaka wa Uholanzi. Katikati ya miaka ya 1980, mjini Hanover, yeye na mpiga kinanda Rick J. Jordan waliunda bendi iliyoitwa Celebrate the Nun. Muziki wao wa wakati huo ulikuwa wa taratibu, wa vinanda vya umeme na huzuni kidogo, na haukuwapatia riziki ya kutosha. Bendi ikafa.

Mwaka 1993 wakaanza upya, safari hii katika mji mkubwa wa bandari wa Hamburg. Wakaongezeka kijana wa tatu, Ferris Bueller, na msimamizi wao akawa Jens Thele. Mwaka 1994 wimbo wao "Hyper Hyper" uliwapandisha ghafla. Katika wimbo huo Baxxter haimbi. Anapaaza sauti kwenye kipaza sauti kama mpiga mbiu wa sokoni, akiwasalimu kwa majina wapiga santuri mashuhuri wa siku hizo. Watu wengi waliocheka walidhani kwamba kelele hizo zingepita upesi kama mvua ya vuli. Badala yake zikawa ndizo alama ya bendi kwa miaka mingi iliyofuata.

MTINDO WENYEWE

Albamu ya Scooter ya mwaka 1996, ambayo wimbo wa "Back in the U.K." umo ndani yake, iliitwa "Our Happy Hardcore". Happy hardcore ni jina la mtindo, nasi kwa lugha yetu twaweza kuuita dansi kali ya furaha. Asili yake ni katika kumbi na mabonde ya Uingereza na Uskoti, na binamu zake wako Uholanzi, hususan mjini Rotterdam, ambako vijana walipiga dansi ya namna hiyo lakini yenye uso wa hasira. Huko Rotterdam ngoma ilikuwa ikiguruma kama nyundo ya mhunzi. Wale wa dansi ya furaha wakaichukua nyundo hiyohiyo, wakaitilia juu yake sauti za kuchangamka, vinanda vya kurukaruka, na maghani mafupi ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuyashika.

Askari ataelewa jambo hili upesi zaidi akipewa hesabu. Katika gwaride, mwendo wa kawaida wa haraka ni kama hatua 120 kwa dakika. Dansi kali ya furaha huenda kwa mapigo kati ya 160 na 180 kwa dakika, na kila pigo hupigwa kwa ngoma nzito, pasipo kuruka hata moja. Wimbo wa dakika tatu wenye mapigo 170 huwa umempiga msikilizaji mara 510 kabla haujanyamaza. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100. Basi mtu anayecheza ngoma hiyo ni kama aliyepewa amri ya kukimbia mahali pamoja, na amri ya kusimama haitolewi mpaka alfajiri.

Vyombo vyenyewe si vingi. Hakuna mpiga ngoma, hakuna mpiga tarumbeta. Kuna mashine ya kutoa mlio wa ngoma, kinanda cha umeme, mashine ya kunakili sauti na kuzirudia, na mtu mmoja mwenye koo la chuma. Kwa sababu hiyo wako waliosema kwamba huo si muziki. Lakini mwenye kusema hivyo na asubiri kidogo, maana kiini cha wimbo huu hakikutoka katika mashine.

WIMBO WA BIBI MPELELEZI

Mwaka 1961 ilionyeshwa sinema ya Kiingereza iitwayo "Murder, She Said". Ilitokana na kitabu cha Agatha Christie, na mhusika wake mkuu ni Miss Marple, bibi kizee asiyeolewa, mpenda chai na kufuma, ambaye ana macho makali kuliko kituo kizima cha polisi. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Margaret Rutherford, aliyezaliwa mwaka 1892, kwa hiyo alikuwa akikaribia miaka 70. Bibi huyo anasafiri kwa gari moshi, na gari moshi jingine linapopita sambamba nalo, anaona kwa dirisha mwanamke akinyongwa. Anatoa taarifa. Maiti haionekani, na mkaguzi wa polisi anadhani kwamba bibi ameota. Asikate tamaa, bibi anajifanya mtumishi wa ndani katika jumba kubwa lililo karibu na reli, anafua, anapika, anapekua, mpaka ukweli unapatikana.

Polisi wengi wameicheka sinema hiyo, na wengi vilevile wamejifunza kitu. Shahidi asipuuzwe kwa sababu ya uzee wake.

Sinema hiyo ilifuatwa na nyingine tatu kati ya mwaka 1963 na 1964, zote zikiwa na Rutherford, na zote zikiwa na muziki wa mtunzi mmoja, Ron Goodwin. Yeye ndiye aliyembunia bibi huyo wimbo wake: sauti nyepesi za kinanda cha kale cha nyuzi, zenye kutembea kwa hatua fupifupi kama mtu mwenye kikapu mkononi na siri kifuani. Mtu akiusikia mara moja, utamkaa kichwani wiki nzima.

Sinema hizo zilipendwa sana nchini Ujerumani. Zilitafsiriwa, zikaonyeshwa katika majumba ya sinema, kisha zikarudiwa na televisheni mwaka hadi mwaka, hata ikawa watoto wa Kijerumani wanakua wakimjua Miss Marple kama wamjuavyo bibi wa jirani. Kwa hiyo vijana wa Scooter walipouchukua wimbo huo mwaka 1995, hawakuuokota kusikojulikana. Waliutoa katika kumbukumbu za sebule ya nyumbani. Waliuacha na sura yake, msikilizaji autambue. Wakauvua viatu vya kizee, wakauvisha vya mbio, na chini yake wakaiweka ile ngoma nzito. Bibi aliyekuwa akitembea taratibu kwenda kunywa chai akajikuta katikati ya ukumbi wa dansi, saa tisa za usiku.

BANDARI MBILI

Hapa ndipo habari inapokuwa nzito kuliko wimbo wenyewe. Ron Goodwin alizaliwa mwaka 1925 katika mji wa Plymouth, bandari ya jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1941 ndege za Kijerumani ziliushambulia mji huo kwa mabomu usiku baada ya usiku, mamia ya raia wakauawa na katikati ya mji ikawa magofu. Hamburg nayo ni bandari. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 1943, ndege za Uingereza na za Marekani ziliushambulia mji huo, na moto uliozuka uliua watu zaidi ya 30,000. Waliokufa katika miji yote miwili wengi wao hawakuwahi kushika bunduki.

Goodwin aliyejulikana kwa wimbo wa bibi mpelelezi ndiye pia aliyetunga muziki wa sinema za vita ambazo askari wa nchi nyingi wamezitazama: "633 Squadron" ya mwaka 1964, "Where Eagles Dare" ya mwaka 1968, na "Battle of Britain" ya mwaka 1969. Katika hii ya mwisho, inayosimulia mapambano ya angani ya mwaka 1940, alitakiwa kutunga pia wimbo wa gwaride kwa upande wa Wajerumani. Mtunzi wa Kiingereza, mzaliwa wa mji uliounguzwa, angeweza kuwatungia adui wa zamani wimbo wa kuwadhihaki. Hakufanya hivyo. Aliwatungia wimbo wa gwaride mzuri, wenye heshima na fahari, hata bendi za Kiingereza zenyewe zikaja kuupiga chini ya jina jingine.

Daraja la sauti kati ya mataifa hayo lilikuwa limeanza kujengwa mapema. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Hamburg na sehemu kubwa ya kaskazini-magharibi mwa Ujerumani ziliangukia katika eneo lililokaliwa na majeshi ya Uingereza. Mwezi Julai mwaka huohuo, redio ya majeshi hayo ilianza kutangaza kutoka Hamburg. Ilikusudiwa kwa askari na jamaa zao, lakini mawimbi ya redio hayajui kambi wala ukuta. Vijana wa Kijerumani nao wakategea masikio. Agosti 1960 vijana wa Liverpool walioitwa Beatles, ambao hawakuwa bado na jina, walifika Hamburg kupiga muziki katika vilabu vya bandarini, na huko ndiko walikokomaa.

Basi mwaka 1995, miaka 50 kamili baada ya bunduki kunyamaza, vijana wa Hamburg walipiga wimbo wa Mwingereza, wakauita kurejea Uingereza, na Waingereza wakaununua na kuuingiza katika orodha ya nyimbo zao zinazouzwa sana. Hakuna mkataba wowote wa amani unaotaja jambo kama hilo. Lakini askari mkongwe aliyeona vita anajua thamani yake: wajukuu wa waliorushiana mabomu sasa wanarushiana nyimbo.

MALI YA NANI?

Msomaji mwangalifu atauliza: je, si wizi huo? Mtu ametunga wimbo kwa jasho lake, wengine wanauchukua na kuuza. Swali ni la haki, na sheria ina jibu lake. Katika nchi za Jumuiya ya Ulaya ilikubaliwa, kwa agizo lililoanza kutumika Julai 1995, kwamba haki ya mtunzi ilindwe muda wote wa uhai wake na miaka 70 baada ya kufa kwake. Goodwin alifariki Januari 2003. Kwa hesabu hiyo haki yake inaendelea mpaka mwisho wa mwaka 2073. Anayeuchukua wimbo wa namna hiyo hana budi kupata ruhusa na kugawana mapato na mwenyewe au warithi wake.

Scooter wameujua vema utaratibu huo, kwani wamejenga nyumba yao kwa matofali ya wengi. Mwaka 1996 walipiga upya "Rebel Yell" wa Billy Idol. Mwaka 1998, katika "How Much Is the Fish?", walitumia wimbo wa kale wa wakulima wa Bretagne nchini Ufaransa unaosifu kinywaji cha matofaa. Mwaka 2001 waliuchukua "The Logical Song" wa bendi ya Supertramp, uliotoka mwaka 1979. Wako wanaowaita wavivu. Wengine husema kwamba mwenye kuuamsha wimbo uliolala amemtendea mwenyewe hisani. Pengine kipimo kizuri ni hiki: mkopo uliotajwa na kulipwa ni biashara ya heshima, mkopo uliofichwa ni wizi, hata ukipambwa kwa ngoma nzuri namna gani.

SHERIA YA MIDUNDO

Mwezi Mei 1992, vijana zaidi ya 20,000 walikusanyika katika uwanda wa Castlemorton, magharibi mwa Uingereza, wakapiga ngoma yao takriban wiki nzima pasipo idhini. Wenyeji hawakupata usingizi. Washitakiwa 13 walipelekwa mahakamani, na mwaka 1994 wakaachiwa huru. Novemba mwaka huo sheria mpya ikapitishwa. Iliwapa polisi uwezo wa kuyaondoa makusanyiko ya usiku ya watu 100 au zaidi mahali pa wazi, yenye muziki wa mfululizo wa midundo inayojirudia, unaoweza kuwaudhi sana wenyeji. Afisa mwenye cheo cha Superintendent au zaidi aliweza kuamuru watu waondoke. Aliyekaidi aliweza kufungwa hadi miezi mitatu au kutozwa faini, na mitambo kuchukuliwa. Mwaka 2003 idadi hiyo ya watu ilipunguzwa ikawa 20.

Wengi walicheka kwamba Bunge limeupiga marufuku mdundo. La hasha, haikuwa hivyo: tamasha lenye leseni halikuguswa. Ila sheria hiyo ilisaidia kuitoa ngoma mabondeni na kuiingiza katika kumbi zenye milango, taa na mtu wa kuwajibika. Polisi mwenye busara anajua kwamba kazi yake si kupima kama muziki ni mtamu au mchungu. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba waliokwenda kucheza wanarudi makwao wazima.

MSIBA WA NOVEMBA

Kurudi nyumbani wazima ndilo jambo lenyewe. Novemba 1995, siku zilezile ambapo wimbo huu ulikuwa ukingojewa madukani, binti mmoja wa Essex, Uingereza, alikuwa akiadhimisha kutimiza miaka 18. Baba yake alikuwa amepata kuwa askari polisi. Sherehe haikufanyika porini wala ukumbini. Ilikuwa nyumbani kwao, wazazi wakiwemo. Binti alimeza kidonge kimoja cha dawa iitwayo ekstasi, iliyokuwa imeenea sana miongoni mwa wacheza ngoma hizo. Akapoteza fahamu, na baada ya siku chache akafariki hospitalini.

Uchunguzi ulieleza jambo ambalo kila mzazi yafaa alijue. Dawa hiyo hupandisha joto la mwili na kumsahaulisha mtu uchovu. Kwa kuogopa joto hilo, vijana walikuwa wakiambiana wanywe maji mengi. Binti yule alikunywa lita kadhaa kwa muda mfupi. Lakini dawa ileile huweza kuzuia mwili usitoe maji. Chumvi ya damu ikapungua na ubongo ukavimba. Ushauri uliopokewa kwa nia njema, usio kamili, ukawa sehemu ya mauti.

Si haki kuutwika wimbo dhambi hiyo. Vijana maelfu kwa maelfu walicheza ngoma hiyo kwa maji ya kawaida na miguu yao tu, wakarudi shuleni na kazini Jumatatu. Lakini si haki pia kujifanya kwamba dawa hiyo na ngoma hiyo hazikujuana.

NYUMBANI

Mzazi afanyeje mtoto akileta nyumbani muziki wa namna hii? Kupiga kelele juu ya kelele hakusaidii. Kwanza amwulize mtoto, kwa upole, ni nini anachokipenda ndani yake. Katika wimbo huu, kwa mfano, mzazi aliyeona sinema za Miss Marple ataweza kusema, "Wimbo huu naujua, ngoja nikusimulie." Hapo wakubwa na wadogo watakuwa wamekutana mahali pamoja, na mlango wa mazungumzo utakuwa wazi hata kwa yale mazito.

Pili, masikio yalindwe. Wataalamu wa usalama kazini hushauri kwamba sauti ya desibeli 85 isisikilizwe zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila inapopanda kwa desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Kwa hesabu hiyo, sauti ya desibeli 100, ambayo ni ya kawaida katika kumbi za dansi, inatosha dakika 15 tu. Askari aliyekaa miaka mingi kwenye uwanja wa shabaha hahitaji kufundishwa: sikio lililokufa halifufuki.

Tatu, kijana ajue mapema, kabla hajakutana na mjaribu, kwamba kidonge asichokijua hakimezwi hata kikitolewa na rafiki. Na mwenzake akianguka au kuchanganyikiwa, asifichwe kwa kuogopa wazazi au polisi. Apelekwe kwa daktari upesi, na kweli isemwe yote. Nyumba ambayo kijana anaogopa kusema kweli ndani yake haina ulinzi, hata ikiwa na askari mlangoni.

Scooter hawakuzama kama ilivyotabiriwa. Mwezi Mei 2008 albamu yao "Jumping All Over the World" ilishika nafasi ya kwanza nchini Uingereza, ikiishusha ile ya Madonna. Wenzake wa mwanzo wameondoka mmoja baada ya mwingine, Bueller mwaka 1998 na Jordan mwaka 2014, lakini Baxxter aliendelea kupaaza sauti jukwaani, akiwa na umri ambao wengi hukaa barazani na wajukuu. Waliokuwa vijana mwaka 1995 leo ni wazazi, na yamkini wanawakemea watoto wao kwa kelele za aina nyingine. Ngoma ya watoto ilikesha, kumbe waliokuwa wakiicheza ndio waliokua.